Nani anasema « tushuke »? Maamuzi katika timu za wachimbaji

Kila jamaa hapa Bukama inajua simu ya namna hii. Kijana alienda Kolwezi ao Malemba-Nkulu kutafuta maisha. Mangaribi anapiga simu nyumbani: timu imehama shimo, sponsa ni mwengine, mawe yameuzwa lakini pesa bado kuonekana. Mama yake anauliza swali moja tu: « Ni nani alikata ile maneno? » Kijana anajibu: « Ni shiye bote. » Mama akiuliza mara ya pili, anaelewa kama « shiye bote » pale inataka kusema: hakuna mtu.

Juu ya lile swali la mama tunaandika leo. Mtu anaweza kufikiri ni mambo ya nyumbani, si habari ya gazeti. Sisi tunaona ni habari kubwa, sababu kazi ya kuchimba kwa mikono inabebwa na vikundi vidogo visivyo na ofisi wala stampu, na watu wanaingia na kutoka kila juma. Vikundi hivyo vinakata maneno ya uzima na ya pesa kila asubuhi. Wakikata vizuri, watoto wanasoma. Wakikata vibaya, tunafanya matanga.

Maneno ya juu, maneno ya chini

Mwaka 2025 maamuzi ya juu yalikuwa mengi. Tarehe 22 Februari serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje ya inchi, juu bei ilikuwa imeanguka sana. Ilipofika tarehe 16 Oktoba mlango ulifunguliwa tena, lakini kwa kipimo: tani 18 125 kwa ile miezi ya mwisho ya mwaka 2025, na tani 96 600 kwa mwaka 2026, vilevile kwa mwaka 2027. Tena kuko Entreprise Générale du Cobalt, EGC, yenye iliundwa kwa dekreti mwaka 2019 na kupewa haki ya kununua peke yake kobalti yote ya wachimbaji wa mikono.

Haya yote yanakatwa Kinshasa. Mchimbaji anayasikia kwenye redio, ao anayaona siku anafika kwenye depo na kuambiwa bei imeshuka. Lakini hakuna waziri mwenye anasimama kwenye mdomo wa shimo saa kumi na mbili asubuhi, mvua imenyesha usiku mzima, na watu watano wanaangaliana: tushuke ao tusishuke? Neno lile linabaki mikononi mwa timu.

Tulikumbushwa vibaya tarehe 15 Novemba 2025, kule Kalando, katika jimbo la Lualaba. Daraja lenye wachimbaji walikuwa wamejitengenezea juu ya mtaro wenye maji lilianguka, na wakubwa wa jimbo walitangaza vifo visivyopunguka 32. Walisema pia kama watu walikuwa wamekatazwa kuingia, sababu ya mvua na udongo kuteleza. SAEMAPE, ile idara ya serikali yenye inasaidia wachimbaji wadogo, ilisema katika ripoti yake kwamba milio ya risasi ya askari ilitia watu woga, wakakimbilia wote kwenye daraja. Nani alikata neno siku ile? Katazo lilikuwepo, halikufuatwa. Kisha kila mtu akakata neno lake peke yake, kwa dakika moja, na miguu ya wote ikaenda pahali pamoja. Daraja halikuulizwa linaweza kubeba watu wangapi. Swali lile, kama lina nafasi ya kuulizwa, nafasi yake ni mbele ya woga. Kisha woga, hakuna kikao.

Wakati wa kapita

Wazee wetu wa Luena, wenye walitoa makala ya mawe kwa ajili ya Gécamines, watasema: wakati wetu mambo haya hayakuwa. Kulikuwa kapita, juu ya kapita kulikuwa mkubwa wake, juu yake mwengine, mpaka Lubumbashi. Ukiuliza nani alisema, unapata jina.

Ni kweli, na ile faida tusiidharau. Lakini wazee wanajua pia mwisho wa ile hadithi. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450 000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Kufika mwaka 2003, kampuni yote ilikuwa inatoa chini ya tani 20 000, na kati ya 2003 na 2004 watumishi 10 655 walirudishwa nyumbani na mpango wenye uliitwa « départs volontaires ». Kampuni ile ilikuwa na ngazi nyingi, lakini ngazi hazikuiokoa. Kapita wa chini alikuwa anaona mashini inakufa, na neno la kununua mashini lilikuwa linakatwa mbali na yeye. Mwenye kuona hakuwa na nguvu, na mwenye nguvu hakuwa anaona.

Watoto wa wale watumishi ndio walijaza mashimo ya mikono. Walijenga kitu tofauti kabisa: timu ya watu wachache, na mkubwa wa shimo mwenye wengi wanamwita PDG kwa kucheka nusu na kwa heshima nusu. Nyuma yake sponsa anatoa chakula na vyombo mbele, kisha anajilipa siku ya kuuza. Leo uko katika timu hii, kesho uko kwengine. Timu ya namna hii inaona haraka, sababu mwenye kukata neno yuko palepale shimoni. Ugonjwa wake ni ule wa simu ya mama: neno linakatwa, na hakuna mwenye alilikata.

Mito minne

Ugonjwa huo una wataalamu wake. Mwaka 1972 wanachuo watatu, Michael Cohen, James March na Johan Olsen, walitoa andiko moja lenye linasomwa mpaka leo. Walikuwa wanachunguza vyuo vikuu, si machimbo. Lakini angalia alama tatu zenye walitoa za shirika lenye walitaka kulielewa: lengo lake si wazi kwa wote, kazi yake watu wanajifunza kwa kujaribu na kukosea, na watu wake wanaingia na kutoka. Mchimbaji akisikia hizo alama tatu atafikiri wanasema timu yake.

Walitengeneza mfano kwa hesabu na kuupitisha kwenye kompyuta. Mfano wenyewe waliupa jina la kuchekesha, « pipa la takataka ». Sisi watu wa Bukama tunaweza kuuelewa kwa maji. Kuko mito minne: shida, dawa, watu, na nafasi ya kukata neno. Mito hii haitoki mlima mmoja. Inakutana tu kama vile Lufira inavyokuja kukutana na Lualaba katika mabwawa ya Upemba. Neno lenye litakatwa linatoka katika yale maji yenye yalikutana siku ile. Kama mwenye kujua ukuta wa shimo alienda kwenye kilio, neno litakatwa bila yeye. Kama sponsa amefika na pesa mkononi, pesa yake itakuwa dawa ya shida yoyote yenye iko pale, hata kama haihusiane.

Na waliona jambo lengine. Katika mashirika ya namna hii, maneno mengi yanakatwa bila shida kwisha. Mara nyengine watu wanakata upesi, mbele shida haijafika mezani. Mara nyengine wanangoja mpaka shida ijiondokee, iende kushika kikao kingine. Kwetu tunaijua hiyo ya pili: timu ina ugomvi wa kugawa pesa, haiuzungumzi, watu wawili wanahama kwenda shimo lengine, na ugomvi unaenda pamoja nao kama mzigo begani. Kisha miezi mitatu unasikia ugomvi uleule, kwengine, na watu wengine.

Basi tufanye nini? Turudishe kapita? Hapana. Mashimo hayatangoja Lubumbashi. Kitu chenye kinaweza kubadilika ni kimoja: mbele ya kazi kuanza, timu ipatane ni neno gani linakatwa na nani, na kwa njia gani. Maneno ya timu si ya namna moja. Tunaona namna tatu.

Neno la kwanza: kushuka ao kusimama

Tupige hesabu ndogo. Tuseme watu watano wanasimama kwenye shimo lenye limeanza kupasuka. Si kila mtu anaona ufa. Tuseme kila mmoja, kwa macho yake mwenyewe, anauona mara moja katika mara mbili. Kama timu inasimama tu pale wengi wameona, yaani watatu, itasimama mara moja katika mara mbili. Ni sawa na kurusha franka hewani. Lakini kama sheria ya timu ni kwamba sauti ya mtu mmoja inatosha kusimamisha kazi, basi timu inaponyoka mara 31 katika mara 32. Watu ni walewale watano, na macho ni yaleyale. Sheria tu ndiyo imebadilika.

Kwa hiyo juu ya hatari, kura ya wengi haifai, na neno la mkubwa peke yake halifai pia. Mmoja akisema « tusimame », wote wanasimama, wanaangalia pamoja, kisha wanazungumza. Hii si mawazo ya gazeti tu. Mapatano namba 176 ya Shirika la Kazi la Ulimwengu, yenye yalikubaliwa mwaka 1995 juu ya usalama wa machimbo, yanasema mfanyakazi ana haki ya kutoka pahali penye hatari kubwa. Na kanuni za kwetu zinasema shimo la mchimbaji wa mikono lisipite mita 30.

Lakini tuseme ukweli wote. Sheria hii ina bei. Kuko siku mtu atapiga kelele na hakuna kitu, na siku imepotea. Sponsa atakasirika. Na kwetu mdogo hapingi mkubwa wake: kijana wa miaka 19 atasema nini mbele ya yaya yake mwenye alimleta kazini na kumlisha? Ndiyo maana sheria inafaa ipatanwe mbele, nyumbani, na mkubwa mwenyewe ndiye aitangaze: « Mwenye kuona kitu aseme, na hakuna mwenye atamucheka. » Tena mdogo aulizwe wa kwanza. Mkubwa akisema wa kwanza, ile hesabu ya macho matano inakufa. Inabaki macho ya mtu mmoja na vichwa vinne vya kuitika.

Siku iliyopotea nayo ilipwe na wote. Kila mauzo, watoe kidogo waweke pembeni kwa ajili ya siku za kusimama. Bila akiba ile, tumbo ndilo litakata neno.

Neno la pili: kuuza na kugawa

Hapa wengi wana nafasi yao. Mfaransa mmoja, Condorcet, alionyesha jambo hili mwaka 1785. Kama kila mtu anakata vizuri mara 7 katika mara 10, watu watano wakipiga kura, wengi watakuwa na haki karibu mara 84 katika 100. Ni zaidi ya mtu yeyote kati yao peke yake. Ndiyo ile tunasema, kidole kimoja hakiuwi chawa.

Wengi wanasahau upande wa pili wa ile hesabu. Kama kila mtu anakata vizuri mara 4 tu katika 10, kwa sababu hajui bei wala hajui uzito wa kweli, basi watano pamoja watakuwa na haki karibu mara 32 katika 100. Wengi wasiojua wanapotea zaidi kuliko mmoja asiyejua. Kura haitengenezi ujuzi, inauongeza tu pale uko, na pale hauko inaongeza ujinga.

Mchimbaji anajua ujinga huo unatoka wapi. Unatoka kwenye depo, pale mzani ni wa mnunuzi na metorex, kile chombo cha kupima « teneur », ni ya mnunuzi pia. Timu inaenda wote, wanasimama inje, mtu mmoja anaingia na kutoka na namba. Watapigia nini kura? Mbele ya kura, inafaa watu wawili waende kupima katika depo mbili tofauti, na namba zote ziandikwe katika kaye, wote wazione. Baada ya pale timu ikate neno kwa wengi: tuuze leo ao tungoje. Na namna ya kugawa, fungu la mkubwa wa shimo, fungu la sponsa, fungu la kila mtu, iandikwe siku ya kwanza, si siku pesa iko mezani. Siku pesa iko mezani kila mtu ana hesabu yake.

Kama tunataka mwalimu wa jambo hili, hatuna haja ya kwenda mbali. Wamama wa soko la Bukama wenye wanauza samaki wanafanya likelemba. Hawana ofisi, na mama mmoja akihama anabadilishwa na mwengine. Lakini uliza yeyote: nani atapokea juma hili, nani juma lijalo, na mtu akichelewa inakuwa namna gani? Atakujibu bila kufikiri. Kikundi kile ni laini kama udongo wa mto, na kina mfupa mmoja mgumu ndani: zamu inajulikana mbele ya pesa kuonekana.

Neno la tatu: koperative

Sheria ya madini ya 2002, yenye ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inaomba mchimbaji wa mikono awe Mkongomani mwenye umri mkubwa, awe na karte, awe katika koperative yenye serikali imekubali, na achimbe katika zone yenye imewekwa kwa kazi ile. Kwa hiyo hata timu ndogo kabisa iko chini ya paa la koperative, ao inapashwa kuwa.

Na koperative si mali ya mtu. Congo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative ni ya tarehe 15 Desemba 2010. Inasema wazi: kila mwanachama ana sauti moja, hata kama alileta pesa nyingi ao kidogo. Ile namna nyepesi ya koperative inaanza na watu 5, ina komite ya kuongoza na komisyo ya kuchunga ile komite. Ile namna kubwa inaanza na watu 15. Zote mbili zinaomba mkutano mkuu ufanyike angalau mara moja kwa mwaka.

Sasa tuulizane kwa heshima. Ni wachimbaji wangapi wameisha kuona mkutano mkuu wa koperative yao? Wengi wanajua koperative siku moja tu: siku ya kukatwa pesa. Mwenye kuitwa prezida ni mtu mwenye pesa, na wengine ni majina kwenye karatasi. Pale koperative inakuwa kampuni ya mtu mmoja yenye imevaa nguo za watu wengi. Na hii ni hatari zaidi leo, sababu kobalti ya mikono inapashwa kupita njia moja ya EGC. Mnunuzi akiwa mmoja, sauti ya kuzungumza bei haiwezi kuwa ya timu ya watu watano. Inafaa iwe ya koperative. Kama koperative haina mkutano, basi mchimbaji hana sauti hata moja.

Hili ndilo neno lenye timu haiwezi kukata peke yake, na haraka haina faida ndani yake. Inaomba mkutano, majina, kura, na kaye ya kuandika. Kule Mutoshi, karibu na Kolwezi, kati ya 2018 na 2020, ilijaribiwa kazi ya mikono yenye uzio na yenye kuchunga mlango, pamoja na koperative CMKK. Ilionyesha kama utaratibu unawezekana. Ilionyesha pia kama utaratibu wenye haukukatwa na wachimbaji wenyewe unaweza kwisha bila wao kuulizwa: mwaka wa korona ulipofika, mpango ulisimama.

Turudi kwa mama

Tumeona kama ulaini wa timu si ugonjwa. Katika kazi yenye mwamba unabadilika kila siku na bei inabadilika kila juma, shirika gumu linavunjika, na wazee wa Luena ni mashahidi. Ugonjwa ni pale ulaini umekuwa pahali pa kujificha.

Hatuko wa kumfundisha mchimbaji kuchimba. Lakini jamaa zenye zinabaki huku, zenye zinauza mbuzi ao kinga ili kijana apate pesa ya safari, zina haki ya kuuliza mbele hajapanda gari ya kwenda Kolwezi. Mwanangu, katika timu yako, mtu mmoja akisema tusimame, munasimama? Fungu lako limeandikwa wapi, na nani mwengine aliliona? Koperative yako ilikutana lini mara ya mwisho, na nani alikuchagulia wale wakubwa?

Akijibu yote matatu, aende na baraka. Akisema « ni shiye bote », mama amuketishe kwanza, amupakulie bukari, na amuulize tena.